Injini Inamisi? Kabla Hujanunua Koili, Fuata Waya

Gari langu ni Toyota IST yenye injini ya 1NZ-FE. Lilikuwa linamisi, yaani silinda moja inakosa kuwaka zamu yake, na lilinilia plagi nne (zinazopiga cheche ndani ya silinda) na koili mbili (zinazokuza umeme wa cheche hiyo) kabla sijagundua kwamba ugonjwa wake ulikuwa kwenye waya mmoja usiofikia unene wa njiti ya kiberiti. Kwenye lami lilikwenda vizuri. Likishapanda matuta mawili matatu, linaanza kutetemeka kama mtu mwenye homa, ekzosi inapiga "pu-pu-pufu", halafu baada ya dakika chache linatulia lenyewe. Fundi wa kwanza alisema plagi, wa pili akasema koili. Siwalaumu, maana mara nyingi ndivyo inavyokuwa. Lakini hakuna aliyeushika ule waya akaukunja.

Mwongozo huu unafuata injini hiyo kwa sababu iko kila mahali: Vitz, IST, Probox, Raum, Spacio, Premio na Allion za cc 1500. Mwenye injini ya zamani ya distributa, yaani kigawa cheche kimoja kwa plagi zote, nimemwekea sehemu yake huko chini.

Nyaya nne za koili

Ukifungua boneti na kutoa kifuniko cha plastiki utaona koili nne zimesimama mstari mmoja, kila moja juu ya plagi yake. Silinda namba 1 ni ile iliyo upande wa mikanda. Kila koili imeshikwa na bolti moja ya spana 10, na imechomekwa soketi yenye nyaya nne.

Nyaya za pembeni ndizo za nguvu: mmoja unaleta volti 12 swichi ikiwashwa, na wa pembeni upande wa pili ni ethi, unaorudisha umeme kwenye betri kupitia chuma cha gari. Zile mbili za katikati ni za mawasiliano. Mmoja unaitwa IGT, unabeba amri kutoka kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini: piga cheche sasa. Wa pili ni IGF, unarudisha jibu: nimepiga.

Sasa shika jambo hili, ndilo litakalokuokolea siku nzima. Umeme, ethi na IGF ni za pamoja. Koili zote nne zinachota sehemu moja, na nyaya zake zinaungana ndani ya fungu la waya. IGT ndiyo kila silinda ina yake. Kwa hiyo silinda moja ikimisi peke yake, usihangaike na fyuzi wala swichi. Kosa liko kwenye tawi la silinda hiyo, kuanzia pale linapochepuka hadi kwenye soketi. Zikimisi zote, au injini ikizima ghafla na kuwaka tena, rudi nyuma kwenye shina: fyuzi, relei, ethi iliyofungwa kwenye injini, au ile jointi ya pamoja.

Na ukikatika IGF wa pamoja, kontroli boksi haipati jibu lolote, inaona cheche hakuna, inakata petroli. Injini inawaka sekunde chache kisha inazima. Hapo ndipo watu huishia kununua pampu ya petroli wakati ile ya zamani ni nzima.

Vifaa

Multimita ya kawaida inatosha. Ongeza balbu ya indiketa ya wati 21 iliyoungwa nyaya mbili, pini kadhaa za kushonea, spana 10, kisu kikali, tepu ya kitambaa ya kufungia waya za gari, mipira ya kunywea kwa moto (ya kufunika jointi, inayosinyaa ikipashwa) na chombo cha kulehemu au koleo la kubania viungio. Kisomeo cha kodi, yaani namba za makosa ambazo kontroli boksi huhifadhi, cha bluetooth kinachotumia simu kitakusaidia sana, ingawa baadhi ya magari ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayaitiki kwenye visomeo hivyo vya bei rahisi. Likigoma, mtafute fundi mwenye mashine ya Toyota.

Tahadhari moja kabla ya kugusa chochote. Upande wa plagi umeme hupita volti 20,000. Usichomoe koili na kuishika karibu na chuma ili uone cheche kama tulivyofanya na magari ya zamani. Cheche ikikosa njia inaweza kuiua koili yenyewe, na pale juu pana mvuke wa petroli. Mwenye kifaa cha kuratibu mapigo ya moyo asikaribie injini inayowaka ikiwa wazi namna hii.

Kwanza, andika inamisi lini

Usianze na spana. Anza na karatasi. Plagi iliyochoka humisi zaidi ukikanyaga mafuta mlimani. Vali au ringi zilizokwisha humisi wakati wote, asubuhi na jioni, bila huruma. Waya mbovu hauna adabu: leo upo, kesho haupo. Humisi ukipita kwenye matuta, ukikata kona, injini ikishapata moto sana, au siku moja baada ya kuosha injini kwa maji ya presha. Hilo la mwisho lisikie vizuri kama umezoea kupeleka gari "car wash" na kusema waoshe hadi huku ndani.

Taa ya injini kwenye dashibodi ikiwaka tu, unaweza kuendesha taratibu hadi nyumbani. Ikipepesa, simama. Petroli isiyoungua inakwenda kuungulia kwenye masega ya ekzosi, yale yanayosafisha moshi, na masega yakiyeyuka yanaziba njia ya moshi.

Soma kodi, kisha hamisha koili

P0301 ni silinda ya kwanza inamisi, P0302 ya pili, hivyo hivyo hadi P0304. P0300 maana yake misi inarukaruka, haina silinda maalumu. Zikitokea P0351 hadi P0354, au kwenye magari mengi ya 1NZ ya zamani P1300, P1305, P1310 na P1315, hapo kontroli boksi inalalamikia mzunguko wa koili yenyewe: imetuma amri, jibu halikurudi. Kodi za kundi hili zinanivuta kwenye waya na soketi haraka kuliko zile za P030.

Tuseme umepata P0303. Zima injini. Toa koili ya silinda 3 na ya silinda 2, zibadilishane. Futa kodi, endesha hadi imisi tena, soma upya. Kodi ikihamia silinda 2, umeipata: koili ni mbovu, nunua moja, kazi imekwisha. Ikibaki silinda 3, koili haina hatia. Hamisha plagi vilevile. Ikibaki palepale tena, usinunue kitu chochote. Kilichobaki ni waya, nozeli (inayonyunyiza petroli) au kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda), na waya ndio unaopimika bila gharama.

Ukitoa koili, tazama shimo la plagi. Ukikuta oili imejaa, sili za mashimo ya plagi chini ya tapeti kava, kifuniko cha juu cha injini, zimechoka. Oili hulainisha mpira wa koili na cheche hutorokea pembeni. Badilisha sili na gasketi kwanza, futa oili yote, ndipo uendelee. Plagi za injini hii huachwa nafasi ya milimita 1.1, na nafasi ikizidi sana koili inafanya kazi ya punda.

Macho na vidole

Sehemu hii ndiyo iliyonimalizia tatizo langu, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Nyaya za koili hupita juu ya injini. Miaka 15 au 20 ya moto hukausha ganda la waya hadi linakuwa kama biskuti. Mahali panapokufa mara nyingi ni sentimita chache nyuma ya soketi, kwa sababu kila fundi anayechomoa koili anavuta waya badala ya kubonyeza kilipu. Kilipu chenyewe huwa kimeshavunjika. Chomeka soketi na uitikise: ikicheza, umeme unaingia na kutoka kila injini inapotetemeka. Kuifunga kwa tepu au kipande cha mpira wa tyubu kutakufikisha nyumbani, lakini si matengenezo.

Washa injini, iache silensa, yaani inawaka bila kutembea. Shika fungu la waya la silinda inayosumbua, ukiwa mbali na feni na mikanda, na ulikunje polepole kipande kwa kipande kuanzia kwenye soketi. Usilitikise lote kwa pamoja, hutajua ni wapi. Injini ikibadilika sauti ukiwa umeshika mahali fulani, weka alama hapo hapo. Kama ina ukaidi, rudia ikishapata moto, maana waya uliokatika ndani hupanuka na kuachana ukiwa wa moto.

Kisha zima, chomoa terminali hasi ya betri, na uchane tepu ya fungu lile. Vuta kila waya taratibu kwa vidole viwili. Waya mzima ni mgumu, hautoi hata milimita. Waya uliokatika ndani unavutika kama mpira, kwa sababu kinachokushikia ni ganda peke yake. Wangu ulivutika hivyo, sentimita nne nyuma ya soketi ya silinda 3. Nilipoupasua nikakuta shaba imegeuka unga wa kijani, nyuzi mbili tu zinagusana.

Angalia na panya. Gari linalolala karibu na ghala au jikoni lina wageni wa usiku, na alama za meno yao huwezi kuzikosea. Tazama pia sehemu ambako fungu linapita juu ya ukingo wa chuma au limeegemea bomba la moto.

Kupima bila kudanganywa

Macho yasipoona kitu, chukua multimita. Usisukume ncha yake ndani ya tundu la soketi, utapanua pini jike na kutengeneza ugonjwa mpya. Ingiza pini ya kushonea kwa nyuma ya soketi, pembeni ya waya hadi iguse chuma, na upime hapo.

Soketi ikiwa imechomolewa, swichi imewashwa, injini haizunguki:

1. Waya wa umeme hadi terminali hasi ya betri: usomaji uwe karibu sawa na wa betri. Betri ikiwa 12.5 na hapa ukapata 12.3, sawa. Ukipata 11, kuna kitu kinabana njia.
2. Terminali chanya ya betri hadi waya wa ethi wa soketi: namba ileile tena. Ikipungua, ethi ni mbovu.
3. IGF hadi ethi: karibu volti 5, zinazotoka kontroli boksi. Sifuri maana yake waya umekatika au umegusa bodi mahali.

Sasa mtego. Multimita hainywi umeme, kwa hiyo uzi mmoja wa shaba uliobaki unatosha kuionyesha volti 12 safi, na ukipima kwa ohm itakwambia njia ni nzima. Ndiyo maana nilisema uwe na balbu ya wati 21. Iunge kati ya waya wa umeme na waya wa ethi wa soketi hiyohiyo. Balbu hiyo inakula karibu ampea 1.75. Ikiwaka kwa nguvu kama inavyowaka kwenye soketi ya silinda jirani, njia mbili za nguvu ni nzima. Ikififia, mmoja wao umeumia. Hamisha upande mmoja wa balbu kwenye terminali ya betri utajua ni upi.

Balbu hiyo isiguse IGT wala IGF hata kwa bahati mbaya. Nyaya zile ni za kunong'onezana, hazijatengenezwa kubeba mzigo, na kontroli boksi unaweza kuiua kwa sekunde moja. Kwa IGT tumia taa ndogo ya LED yenye rezista ya ohm 1,000: mguu mrefu kwenye IGT, mfupi kwenye ethi. Chomoa na soketi ya nozeli ya silinda hiyo ili petroli isimwagike bure, kisha mwambie mtu apige starta sekunde chache. LED ipepese. Linganisha na silinda nzima. Jirani ikipepesa na hii ikakaa kimya, IGT imekatika kati ya hapo na kontroli boksi.

Waya wote ukiwa mzima na misi ipo palepale, pima nozeli na kompresheni. Huko ni safari nyingine.

Kuunga waya usioaibisha

Ninachokutana nacho kwenye magari mengi ni nyaya mbili zilizosokotwa kwa vidole na kuviringishiwa selotepu. Juu ya injini selotepu haimalizi msimu: gundi inayeyuka, maji yanaingia, na unarudi pale ulipoanza, safari hii ukiwa na kutu.

Betri ikiwa imechomolewa, kata waya ulioumia na uendelee kurudi nyuma hadi ukute shaba inayong'aa. Ikiwa nyeusi au kijani, bado. Ukishakata hivyo waya utakuwa mfupi, kwa hiyo ongeza kipande cha waya wa gari wa unene uleule. Usitumie waya wa nyumba wenye uzi mmoja mnene, mtetemo wa injini utauvunja. Soketi ikiwa imevunjika kilipu au pini zake zimelegea, tafuta soketi nzima yenye mkia wa waya angalau sentimita 15 kwenye magari yanayokatwa kwa spea, Gerezani kwa wa Dar es Salaam, Kirinyaga Road kwa wa Nairobi. Kabla ya kulipa, chomeka kwenye koili yako usikie inalia "tak".

Ukiwa unabadilisha soketi nzima, kata na unga waya mmoja baada ya mwingine. Ukikata zote nne kwa pamoja unajitafutia kubahatisha, hasa kama rangi za mkia mpya hazifanani na zako. Piga picha kabla. Nafasi ya waya kwenye soketi ndiyo ya kuaminika, rangi ni mapambo.

Pitisha mpira wa kunywea kwanza, kila mtu husahau hili mara moja. Jointi zisikae sambamba: ya kwanza iwe hapa, ya pili sentimita mbili mbele, zikiachana hivyo hazigusani wala hazitengenezi uvimbe. Kubana kwa kiungio na koleo lake ndiyo njia ninayoiamini zaidi, kwa sababu jointi ya risasi huwa ngumu na waya hukatikia pale ugumu unapoishia. Kama huna koleo sahihi, lehemu vizuri kwa risasi ya vifaa vya umeme, si ile ya asidi ya mafundi bati, kisha hakikisha jointi imelala ndani ya fungu, haining'inii. Pasha mpira moto hadi unywee, viringisha tepu ya kitambaa, rudisha bomba la plastiki lenye mikunjo, na ufunge fungu kwenye kishikio chake cha zamani. Acha ulegevu kidogo karibu na soketi. Waya uliokazwa kama kamba ya nguo utakatika tena.

Hamu ikikushika kufungua bolti ya ethi iliyo kwenye injini, fungua. Sugua kwa msasa hadi chuma king'ae, rudisha, kaza. Ni dakika tano.

Kwa injini za distributa

Kwenye 5A-FE au 4E-FE zilizopo kwenye Corolla na Starlet za zamani, umeme mkubwa husafiri kwenye waya mrefu kutoka distributa hadi kwenye plagi. Subiri usiku, zima taa, injini ikiwaka nyunyiza maji kidogo kwa chupa ya kupulizia juu ya nyaya hizo, mikono ikiwa mbali. Waya mbovu utakuonyesha cheche za bluu zikirukia chuma. Mchana, chomoa kila waya kwa kushika buti lake na upime: Toyota hawakubali zaidi ya kilo-ohm 25 kwa waya mmoja. Mmoja ukizidi, badilisha seti nzima, wenzake wana umri uleule. Fungua kifuniko cha distributa utazame ndani kama kuna mstari mwembamba mweusi kati ya terminali mbili, kwani huo ni njia ya mkato ya cheche na kifuniko hakiponi. Toa waya mmoja mmoja usichanganye mpangilio wa silinda kupiga cheche: 1-3-4-2.

Jaribio la mwisho

Rudisha betri. Usishtuke silensa ikipandapanda mwanzoni, kontroli boksi imesahau ilichojifunza na inahitaji muda. Futa kodi, kisha kunja tena ule waya ulioutengeneza injini ikiwaka. Injini isijali. Baada ya hapo endesha kilomita 20 au 30 zenye matuta, mlima na kiyoyozi kimewashwa, urudi usome kodi, pamoja na zile zinazosubiri ambazo hazijawasha taa.

Mimi nilipita kwenye matuta yaleyale ya njia ya nyumbani mara tatu, kwenda na kurudi, mke wangu akiuliza kama nimepotea. Koili mbili nilizozitoa bila kosa nimezifunga kwenye kitambaa, ziko chini ya tairi la akiba.